Mali ya Wadogo Zangu Ilivyoingia Karakana ya Kamba

Assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh, ndugu zangu. Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyenikunjua vidole. Nasema vidole kwa sababu hapo ndipo nilipofungwa. Wako waliofungwa na maradhi, wako waliofungwa na husuda za watu. Mimi nilifungwa na mkono wangu mwenyewe, uliokamata kitu kwa miaka na haukujua tena namna ya kukiachia.

Bi Zuwena, mwalimu wetu wa darsa hapa Tibirinzi, ameniomba niyaandike haya ili yasomwe na akinamama wengine. Nilimwambia skuli niliiacha mapema na mkono wangu hauna mazoea ya kalamu. Akanambia andika unavyosema. Basi naandika ninavyosema.

Mimi ni wa mwanzo katika watoto wa mzee wangu. Nyuma yangu yuko Hamad, kisha Salma, kisha Kombo. Baba yetu alikuwa mchumaji wa karafuu, na mkarafuu ndio uliomchukua. Tawi lilikatika asubuhi, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tunamsubiri aje kwa jeneza. Hapo ndipo nilipoacha skuli, nikaingia baharini pamoja na mama kulima mwani. Mama naye hakukaa sana. Moyo wake ulichoka polepole, kama sauti ya mtu anayekwenda huku anazungumza, mpaka siku moja tukawa hatumsikii tena.

Kombo wakati ule alikuwa bado anauliza mama atarudi lini. Salma alikuwa hasemi. Hamad alikuwa anakaa mlangoni akiangalia njia. Na mimi, ndugu zangu, nilikuwa natembea kama mtu aliye usingizini. Nilikuwa napika, nafua, nawapeleka chuoni kusoma Kurani, na yote hayo nayaona kama nayatazama kutoka chini ya maji. Watu wanazungumza juu, midomo inacheza, na mimi niko chini, kwenye kimya cha kijani.

Ami Faki, kaka wa baba, ni mtu mwadilifu, Mungu amlipe. Shamba la mikarafuu liliuzwa kwa haki, Shehe akagawa mirathi mbele ya watu, na mali ya wadogo zangu ikatiwa mkononi mwangu kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa nawalea. Siku aliponikabidhi, Ami alinishika bega akanambia maneno tunayoyajua sote.

"Hii ni mali ya mayatima, Rukia. Anayeila anakula moto."

Nilisikia neno moto. Mengine yote aliyoyasema siku ile sikuyasikia.

Niliipeleka benki, kwenye akaunti isiyo na riba. Mtacheka, lakini ziko siku nilizokuwa natoka pwani na nguo zimelowa, napita makusudi njia ya benki, nasimama ng'ambo ya barabara kuhakikisha jengo liko palepale. Likiwepo, narudi nyumbani. Sikutoa hata ya daftari la Kombo. Nilimlisha, nikamvisha na nikamsomesha kwa mwani wangu, na ile ya kwake ikabaki imelala. Kila aliyeniuliza nilimwambia naitunza.

Na kweli niliitunza. Hakuna aliyeiiba, hakuna aliyeila. Lakini kila mwaka nilikuwa naitolea zaka kama tulivyofundishwa, na kila mwaka mchele, mafuta na saruji vilikuwa vinapanda bei. Fedha ile ikawa kama barafu iliyofunikwa kwa gunia. Umeifunika vizuri, hujaigusa, na chini pana maji.

Sasa sikilizeni jambo lilivyokuja.

Sisi wakulima wa mwani, upande ule wa Wesha, tunaishi kwa kamba. Mwani haufungwi kwa uchawi. Tunapiga vigingi mchangani maji yanapokupwa, tunavuta kamba ya plastiki kutoka kigingi hadi kigingi, na juu yake tunafunga vijikamba vyembamba tunavyoviita taitai, kila kimoja kimeshika shina lake. Maji yakijaa, shamba zima linainuka na kuyumba chini ya maji, kahawia na kijani, na ukisimama ndani ya maji hayo unahisi ardhi yote inapumua. Lakini kamba inachoka. Jua linaikausha, chumvi inaila, inakatika na kuondoka na jasho lako. Kila msimu tunanunua nyengine.

Yuko mfanyabiashara wa mjini Chake, Bwana Jiwan, Mhindi wa hapahapa, ambaye babu yake aliuza nguo na baba yake aliuza ndoo na mabeseni. Yeye akaleta mashine, akaiweka kwenye jengo lililokuwa ghala, njia ya kwendea Wesha, akafungua kampuni ya kutengeneza kamba za mwani na mabomba ya maji. Kisha akatangaza kuwa hisa ziko wazi, kwa wenyeji wanaotaka kuwa na fungu.

Pwani ikawa haizungumzwi habari nyengine. Shoga yangu Mize, ambaye shamba lake linapakana na langu, ndiye aliyeanza.

"Kamba hizi tunazinunua mpaka tunakufa," alisema huku anafunga taitai zake. "Bora tuwe na fungu zinakotoka."

"Weye huna fungu hata katika nyumba ya mumeo," mmoja akamjibu.

"Ndio maana nalitafuta kwengine, bibi we."

Tulicheka sote, na mimi nikacheka. Lakini moyo wangu ulishaondoka pwani. Niliiona ile mali imelala gizani kwenye jengo lile, na nikaona kamba nyeupe ndefu, ndefu sana, inatoka kwenye mashine na kuingia baharini. Nikatamani. Na nilipotamani tu, nikasikia neno moto.

Nikaamua nisali istikhara, ile sala ya kumuomba Mungu akuchagulie lenye kheri.

Ndugu zangu, hapa ndipo penye kosa letu sisi, na nalisema bila ya kumsuta mtu. Sisi tumekua tukiambiwa kuwa ukisali istikhara unalala, na ukilala utaoteshwa. Ukiona nyeupe au kijani, jambo lina kheri. Ukiona nyekundu au nyeusi, liache. Hatukuyasoma popote. Tumeyakuta kwa mabibi zetu kama tulivyokuta kupaka hina. Basi nikasali, nikalala nikisubiri rangi.

Sikuona kitu. Nikasali tena, nikalala, sikuona kitu. Tangu mama alipoondoka nilikuwa sioti chochote. Usingizi wangu ulikuwa kama chumba kilichofagiwa. Kila maji yakikupwa Mize ananiuliza kutoka shambani kwake kama nimeona, na mimi nasema sijaona. Akanishauri nibadilishe upande wa kulalia. Akanishauri nile chakula chepesi. Mwisho akasema labda nimrithishe yeye istikhara hiyo, kwani yeye huota hata akiwa anasubiri chungu kichemke.

Kisha, alfajiri moja, baada ya kusali nikajinyoosha kidogo, na ndoto ikaja.

Bahari ilikuwa imekupwa isivyowahi kukupwa. Maji yalikuwa yameondoka mpaka nyuma ya kisiwa cha Misali, na mchanga ulikuwa mtupu, unang'aa kama bati lililooshwa. Juu ya mchanga palipangwa mabeseni, ya kila rangi, mpaka upeo wa macho. Kila beseni lilikuwa na maji safi, na ndani ya kila maji palikuwa na kipande cha mbingu. Mama alikuwa anatembea katikati yao. Anainama kwenye moja, anafua kinguo kidogo, anakikamua, anakwenda kwa jengine. Hakuwa na haraka. Nilikuwa namuita, lakini sauti yangu ilikuwa inatoka kama povu na kupaa. Mwisho akainua beseni jekundu, akalitia kichwani, akaondoka nalo. Hakugeuka. Na mbali sana nikaona mstari mweupe wa maji yanarudi.

Niliamka vidole vyangu vimefumbata shuka.

Siku hiyo mwani haukufungwa, ndugu zangu. Ndoto yangu ilijadiliwa kama kesi. Mmoja alisema nyekundu ni nyekundu, jambo liachwe. Mwengine akasema lakini mama alikuwa anafua, na kufua ni tohara, ni usafi, na tohara ni kheri. Mwengine akauliza ya kijani yalikuwepo, na kama yalikuwepo yalikuwa mengi kuliko mekundu? Mmoja mtu mzima akasema maiti akiondoka na kitu ni ishara ya hasara. Mize alikuwa amejishika kiuno.

"Umeomba kuhusu plastiki, umeoneshwa mabeseni," alisema. "Mungu kakuonesha bidhaa kabisa. Unataka akuletee na risiti?"

Walicheka mpaka wakakaa majini. Mimi sikucheka. Nilikuwa namuona mama anaondoka na jekundu kichwani. Nikasema basi, nimekatazwa. Wenzangu wengine wakanunua hisa zao kidogokidogo, na mimi nikarudi kupita njia ya benki.

Wakati huo Hamad alikuwa ameshamaliza skuli. Alitaka kwenda Unguja kusomea ufundi wa umeme. Aliniomba ada kutoka katika fungu lake mwenyewe, na nikamnyima. Nilimwambia angoje awe mtu mzima, nimkabidhi yote kwa pamoja. Akaenda Wesha bandarini kubeba mizigo. Jioni anarudi na saruji kwenye nywele, anakula kimya, analala. Siku moja hakula. Alisimama katikati ya chumba, na hakupaza sauti.

"Dada, weye hulindi mali yetu. Unaizika," aliniambia. "Baba tumemzika, mama tumemzika. Na hiyo nayo?"

Nikamwambia anyamaze. Akasema atanyamaza, na siku atakapofika umri wa kukabidhiwa atachukua chake na hatakanyaga tena nyumba ile. Kisha akachukua nguo zake akahamia Gombani, kwa Ami Faki.

Ndugu zangu, nilikuwa nimebeba amana mbili na sikujua. Nilidhani amana ni fedha. Kumbe na wao wenyewe, wale watatu, kukaa kwao pamoja, kupendana kwao, nayo pia ilikuwa amana, na ile ilikuwa inavuja. Kombo aliacha kuimba chooni. Salma alikuwa anatandika mahali pa Hamad pa kulia, kisha anapatandua. Nyumba ikawa na mwangwi. Nilikuwa nikisema kitu jikoni, nakisikia kinarudi kutoka chumbani kama kimesemwa na mtu mwengine.

Nikaenda kwa Bi Zuwena. Nilimkuta barazani kwake anashona kofia, miwani imeteremka puani. Nilimueleza yote, mali, ndoto, mabeseni, Hamad. Nililia hata sikuona aibu. Alinisikiliza mpaka mwisho, na sindano haikusimama. Kisha akaniuliza kwa upole nani aliyenambia kuwa Mwenyezi Mungu huzungumza na waja wake kwa rangi. Nikasema ndivyo tulivyokuta. Akasema mengi tuliyoyakuta tutayaacha tulipoyakuta.

Na hapo ndipo aliposema maneno yaliyonitoa chini ya maji.

"Istikhara ni kuomba, Rukia, si kuota. Ukishaomba, taka ushauri, angalia, kisha nenda. Likiwa na kheri litakufungukia, likiwa na shari litakuzuilia njiani. Weye hukwenda. Litakuzuilia wapi, na weye umekaa?"

Nikamwambia kuhusu moto. Akaiweka kofia mapajani.

"Ami yako kakukataza kuila. Hakukukataza kuigusa."

Akanieleza kuwa wanavyuoni wetu tangu zamani wamesema mali ya yatima isilazwe, ifanyiwe biashara kwa uangalifu, isije zaka ikaimaliza. Akanieleza kuwa kumsomesha yatima kwa mali yake, kwa wema, si kuila. Nilikuwa nimekaa darsani kwake miaka yote ile, na huenda aliyasema, na mimi nilikuwa nasikia neno moja tu.

Msidhani palikuwa na radi. Wengine hushuhudia kuwa walihisi kitu kimewashukia. Mimi nilihisi kama vile maji yanapogeuka. Huwezi kusikia yanapogeuka. Umesimama shambani, maji yalikuwa yanatoka, na ghafla unahisi kifundoni yanagusa kutoka upande wa pili. Ndivyo nilivyohisi kwenye baraza ile. Alhamdulillahi!

Kesho yake nikaenda Gombani. Hamad alikuwa anatoka kuoga. Nikamwambia twende akaiangalie mali yake inakotaka kwenda. Alinitazama akidhani namfanyia mzaha, akamtazama Ami Faki aliyekuwa amekaa ndani, kisha akavaa shati. Njia nzima alinitangulia hatua kadhaa. Mimi nilikuwa nasoma nyuradi kimoyomoyo na karafuu zilizoanikwa pembezoni mwa njia zinanukia kama utoto wetu.

Sijui mlioiona ile karakana mliionaje. Mimi niliiona kama nyumba ya ndotoni. Palikuwa na magunia ya punje nyeupe, ndogo, kama tapioka. Zinamiminwa kwenye mdomo wa mashine, na ndani mna joto usiloliona. Upande wa pili zinatoka zimekuwa kitu chengine, nyuzi laini zinazoteremka polepole kama asali, zinapita kwenye birika la maji zikipoa, zinavutwa, zinazidi kuwa nyembamba, zinasokotwa. Mwisho wa chumba ile kamba niliyoijua kwa mikono yangu ilikuwa inajizungusha kwenye gurudumu, safi, haijawahi kuona bahari. Sauti ya mashine ilikuwa moja tu, nzito, haipandi wala haishuki. Nilitaka kukaa chini nisinzie.

Bwana Jiwan alitukaribisha kwa heshima, akatuletea viti. Nilimwambia wazi kuwa mali hii ni ya mayatima na kwamba nimekuja kuangalia tu. Akaitikia kwa kichwa, akasema basi anioneshe na mabaya. Alitupeleka nyuma ya jengo, palipokuwa na chungu ya kamba kuukuu, zile zinazokatika na kutupwa na maji, na ndoo zilizopasuka. Akasema anazinunua kwa akinamama na watoto, zinaoshwa, zinasagwa na kuyeyushwa tena. Akachukua kipande cha beseni, akakisogeza kwenye jiko, kikalegea, akakikunja kwa koleo na kilipopoa kikabaki na mkunjo wake. Kisha akachukua mpini mweusi wa sufuria, akausogeza vilevile. Ule haukulegea. Ulitoa moshi, ukaungua.

"Watu wanaziita zote plastiki," alisema. "Hii ukikosea unaiyeyusha upya. Hiyo ikiungua imekwisha. Mimi fedha za watu naziweka kwenye hii."

Hamad, ambaye nilidhani hataki kusema, akauliza umeme ukikatika inakuwaje. Bwana Jiwan akacheka kidogo, kama mtu aliyeguswa penye kidonda. Akasema inaganda ndani ya mashine, na wanapoteza kazi wakiichokoa. Akasema mwaka uliopita yalitokea hayo mara nyingi na wenye hisa hawakupata kitu. Ananunua jenereta. Hamad akaenda kuiangalia mashine kwa karibu, akainama, akasahau kuwa amenikasirikia.

Nikamuuliza Bwana Jiwan swali nililokuja nalo. Kila mwezi utanipa faida kiasi gani?

"Sijui, Bi Rukia."

Nikaukamata mkoba wangu niinuke.

"Angekuwepo mtu wa kukwambia anajua, ningekwambia uchukue mkoba wako umkimbie," akaendelea. "Tukipata tunagawana, tukikosa tunakosa sote. Nyiye wenyewe katika dini yenu faida ya kuahidiwa hamuitaki, na mimi siwezi kuahidi. Basi tumekutana."

Ndugu zangu, sijui niwaeleze vipi. Miaka yote nilikuwa nataka mtu anihakikishie. Nilitaka rangi inihakikishie, nilitaka jengo la benki linihakikishie. Na siku hiyo, kwenye mvumo wa mashine, mtu akanambia hajui, na moyo wangu ukatulia. Kwa sababu niliona kuwa anayejua ni mmoja tu, na Yeye nilishamuomba.

Sikukurupuka. Nilimshauri Ami Faki, nikamshauri Shehe, nikawaweka chini Salma na Kombo nao wakasema yao. Tukakubaliana nusu iingie kwenye hisa na nusu ibaki. Na katika ile iliyobaki, Hamad akalipiwa ada kutoka fungu lake. Siku anaondoka kwenda Unguja alirudi kulala nyumbani. Salma alitandika mahali pake, na hakupatandua.

Sasa msije mkadhani hapo ndio mwisho na kila kitu kikawa maziwa. Haukupita muda bei ya mwani ikaporomoka. Wanunuzi wa nje walitaka kidogo, akinamama wengi wakang'oa vigingi vyao, na asiyelima hanunui kamba. Mwaka huo karakana haikugawa kitu. Hofu ikarudi, ndugu zangu, ikabisha kwa jina langu. Nikaota tena ile bahari iliyokauka. Mize, ambaye naye alikuwa na hisa zake chache, akaja akakaa karibu yangu mchangani.

"Jekundu lile, mwenzangu," akasema kwa huzuni.

Nikamwambia hapana. Nilikwenda kwa mguu wangu, nikauliza, nikaelezwa ukweli, nikatawakali. Kama ni hasara, ni hasara ya halali, si moto. Nilijishangaa kusikia nayasema, na kwa sauti ya utulivu. Siku zile nilisali sana, na sikuomba rangi. Niliomba subira.

Kampuni haikufa. Bwana Jiwan na wenzake waliielekeza mashine kwenye mabomba na mifereji ya mapaa, kwani watu walikuwa wanajenga na kuvuta maji. Wenye hisa tulikaa mkutano, wengine wakalalamika, wengine wakauza. Mimi nilibaki. Msimu uliofuata likaja gawio dogo, na baada ya hapo jengine. Mwani nao ukarudi taratibu. Hatukutajirika. Lakini kwa mara ya kwanza zaka ilitoka kwenye faida, na mzizi ukabaki.

Wako walionong'ona kuwa nimeitia mali ya mayatima kwenye takataka. Nawaambia hata mimi sipendi kuiona plastiki inaelea pwani. Ndio maana nimekuwa nikisema mikutanoni kamba kuukuu zirudi zote karakana, na sasa zinarudi. Na sisemi nendeni mkanunue hisa. Hisa hupanda, hisa hushuka. Nashuhudia alivyoniokoa Mola wangu na hofu. Sishuhudii mashine.

Hatimaye Kombo naye akawa mtu mzima. Tuliitana nyumbani, baada ya sala ya alasiri, ili nikabidhi. Shehe alikaa kwenye mkeka, Ami Faki pembeni yake, Bi Zuwena upande wa wanawake pamoja nami na Salma. Hamad alikuja kutoka Unguja, fundi sasa, mikono imejaa alama. Nilikuwa nimeingoja siku hiyo kama mgonjwa anavyoingoja asubuhi. Nilitaka kusikia jambo moja tu, kwamba wameipokea kamili na hawanidai mbele ya Mungu.

Shehe akasoma fungu la Hamad. Akasoma la Salma. Akasoma la Kombo. Kila mmoja akasema nimepokea, radhi. Nikashusha pumzi ambayo naona niliivuta tangu siku ya maziko ya mama. Shehe akataka kufunga kwa dua, mikono imeshainuka.

"Shehe," Hamad akasema, "tuko wanne."

Mikono ya Shehe ikashuka. Nikamwambia aache. Lakini yeye akawa anamtazama Shehe, akaeleza jambo ambalo nilidhani tunalijua watu wawili tu. Siku mirathi ilipogawiwa nami nilikuwa na langu, mtoto wa baba kama wao. Nilimwambia Ami Faki alichanganye na la wadogo na asimwambie mtu, nisije nikapata siku ya kuwasimanga. Ami alilificha miaka yote, mpaka Hamad alipohamia kwake na hasira zake, na siku moja akinisema vibaya, Ami akashindwa kuvumilia akamwambia. Kumbe asubuhi ile niliyomfuata Gombani, nikidhani anavaa shati kwa sababu nimemshawishi, yeye alikuwa anajua tayari.

Walikuwa wameshazungumza watatu. Kila mmoja akarudisha sehemu kutoka fungu lake, Shehe akaliandika fungu la nne kwa jina langu. Nikasema mimi nina mwani wangu, mimi ni mtu mzima, mimi si wa kugawiwa. Salma, yule asiyesema, akanishika mkono.

"Dada, hata weye ulifiwa."

Ndugu zangu, nililia siku ile kilio ambacho sikukilia msibani. Msibani nilikuwa napanga nani atalala wapi. Siku ile, katikati ya mkeka, mbele ya wadogo zangu waliokuwa wakubwa, nikawa mtoto wa watu waliokufa. Wakanizunguka, na Kombo, aliyekuwa akiniwekea kichwa begani alipokuwa mdogo, safari hii bega lake ndilo lililonibeba.

Basi namshukuru Mwenyezi Mungu, namshukuru Mtume wake aliyekuwa yatima, nawashukuru Ami Faki na Bi Zuwena. Na nakwambia weye unayesoma, uliyebeba amana ya mtu na unaogopa hata kupumua juu yake: omba, kisha inuka ukaangalie. Mtegemee Mola wako na miguu yako iko njiani. Na ukiwaombea mayatima unaowalea, jitie na weye katika dua. Mimi miaka yote nilikuwa nikiwaombea watatu. Aliyekuwa ananisikiliza alijua kuwa tuko wanne.